Pampu ya Sindika

Kilichomkera kwanza Inspekta Prudence Katungu asubuhi ile ni harufu ya samaki. Ilikuwa ikitoka kasho, chumba cha mahabusu, na kasho ya polisi ya Kabondo haikuwa mahali pa kunukia samaki. Tangu vita ianze serikali haikuwalisha polisi wake, sembuse wafungwa. Mwenye ndugu alikula. Asiye na ndugu alinusa.

Alimwita mlinzi wa zamu.

"Nani ameleta chakula hii?"

"Mama mumoja mukubwa, chef. Mama Félicité. Analeta kila asubuhi kwa Juma."

"Ni nani yake?"

Mlinzi akajikuna shingo. "Iko bokilo ya papa Philippe. Ule mama muzaa-bibi yake."

"Philippe aliyemushitaki Juma?"

"Njo huyo huyo."

Prudence alikuwa mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Wanawe wanne walijua kwamba mama akinyamaza, kuna mtu atakayejieleza. Alinyamaza, akachukua ufunguo, akaingia kasho.

Juma alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kasongo, mrefu, mwenye makovu ya cheche mikononi. Mbele yake palikuwa na bakuli la lituma, ndizi zilizopondwa vizuri, na kipande cha samaki aliyekaangwa. Alikuwa hajaligusa.

"Kula kwanza," Prudence alisema. "Mwenye njaa hujibu maswali ya tumbo lake."

Juma akala matonge mawili, akanawa.

"Pampu iko wapi?"

"Sijui, mama. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa juu ya meza ya atelie, kwenye kitambaa safi. Papa Philippe alikuwa ameisafisha yeye mwenyewe."

"Ufunguo wa atelie unao wewe na Philippe tu."

"Mimi iko na moja. Wa papa unatundikwa kwa musumari, ndani ya nyumba."

"Majirani walikuona ukitoka na gunia nzito. Mulikuwa nini ndani?"

"Vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Vyangu."

"Juma, mutu mwenye vitu vyake anavitaja kwa majina."

Fundi akainamisha kichwa. "Mama Inspekta, uniulize yote. Ile gunia uiache."

"Bon. Na mama Félicité? Kwa nini anakulisha?"

"Hata mimi najiuliza. Anafika, anaweka bakuli, ananikonyeza jicho. Anasema, 'Mukaze, wanangu, Mungu iko pamoja na nyinyi.' Halafu anacheka, anaenda."

"Anakukonyeza?"

"Jicho moja, mama. Mimi naona haya."

Prudence hakucheka. Aliporudi ofisini alimkuta sajini wa jeshi amekaa juu ya meza yake, buti zikining'inia. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wa bunduki, na sajini huyu alikuwa mdomo wa komanda wao.

"Komanda anamutaka huyo muizi," alisema. "Pampu ya dizeli, ya mazutu, iko kitu ya vita. Ametuibia sisi."

"Amemwibia Philippe, kama ameiba."

"Philippe na vitu vyake vyote iko ya komanda. Nitarudi na jeep jua likipinduka."

"Faili haijakamilika."

"Basi uikamilishe, mama."

Wengi waliingia kambi ya komanda, kando ya mto, kwa miguu yao wenyewe. Wachache walitoka kwa miguu yao. Prudence alilijua hilo, na Juma, upande wa pili wa ukuta, alikuwa amesikia kila neno. Mke wake Nyota alikuwa na watoto wadogo na hana biashara. Inspekta alichukua mwavuli, akasimamisha toleka, moja ya zile baiskeli zilizokuwa teksi za Kisangani tangu petroli ianze kuja kwa ndege tu, akamwambia dereva akanyage.

*

Lupango la Philippe, kiwanja chake chote, lilikuwa na nyumba ya matofali mbele, jiko la miti nyuma, na kati yake atelie, karakana ya mabati. Mwenye nyumba alikuja kumpokea, mzee mnene mwenye macho mekundu.

"Asante kwa kuja, mama Inspekta. Umeipata?"

"Sijapata kitu. Fungua mlango."

Kufuli ilikuwa nzima, bila mkwaruzo. Bawaba zilikuwa nzima. Ndani, juu ya magogo, Sindika ilikaa.

Gari lile mji mzima ulilijua. Philippe alilitengeneza kwa mikono yake, chuma kimoja kwa kingine, kwa ajili ya mbio za Bonane, za Mwaka Mpya, zinazoanzia Posta na kuishia daraja la Tshopo. Mara ya kwanza injini ilikufa njiani, na watu waliokuwa wakitazama wakalisukuma hadi mwisho huku wakiimba. Likaitwa Sindika, yaani sukuma. Halafu ikaja vita ya siku sita mjini. Ukuta wa jirani uliliangukia, likawa bapa kama chapati. Watu wote wa lupango walitoka salama chini ya vitanda, na Philippe alisema kwamba kama Mungu alichukua gari akaacha watu, basi amefanya hesabu ya haki. Tangu mvua zianze yeye na Juma walikuwa wakilijenga upya. Walikuwa wamenyoosha chasi, wakateremsha kiti na kupunguza mabati yasiyo na kazi. Badala ya injini ya petroli waliweka ya mazutu, ambayo ingekubali kunywa mawese. Ilikuwa injini ya mashine ya kukoboa mpunga ya marehemu baba mkwe wa Philippe. Ilipandishwa mto kwa pirogi, mtumbwi mrefu, kutoka Yanonge, mama Félicité mwenyewe akiwa amekaa juu yake kama kuku anayeatamia.

"Bila pampu, injini hii ni nini?" Prudence aliuliza.

"Jiwe," Philippe alijibu. "Jiwe ya marehemu. Na pampu ingine kama ile haiko mpaka Kinshasa."

Inspekta alisimama mbele ya meza. Spana zote zilikuwepo zimepangwa kwa ukubwa. Nyundo mbili zilikuwepo, na koleo jipya, kitu ambacho mwizi yeyote angekiuza sokoni kabla jasho halijakauka.

"Kitambaa iko wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Pampu ilikuwa imelala juu ya kitambaa safi."

Philippe akatazama meza kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Kimeenda nayo."

"Mwizi aliyeacha koleo akachukua kitambaa." Prudence alisema hivyo kwa sauti ya kuongea na meza. "Unieleze siku ile. Pole pole."

Philippe alieleza. Asubuhi alikwenda upande wa Wagenia kutafuta bolti. Juma alibaki akifanya kazi, kisha akatoka na gunia. Philippe aliporudi hakuingia atelie, alikaa kula. Hajamaliza, askari wakafika. Walikuwa wakipita lupango kwa lupango wakitafuta pampu za mazutu kwa ajili ya magari yao. Aliwafungulia mwenyewe, kwa maana bunduki haibishiwi. Meza ilikuwa tupu.

"Nililia, mama. Mbele ya askari. Walinicheka."

"Na ndipo ukamshitaki Juma."

"Ufunguo iko naye! Gunia iko naye! Nifanye nini?" Aliketi juu ya tairi. "Juma iko mutu tulilala naye chini ya kitanda kimoja, bomu zikipita. Usingizi haunipati."

"Bibi yako iko wapi?"

"Sophie iko Yanonge, kwa biashara ya mupunga. Aliondoka mbele ya mambo haya. Angekuwepo..."

Walipotoka nje, mwanamke mzee aliyekuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, jikoni alivuta kitenge chake usoni akageukia ukuta. Philippe naye alitazama miguu yake, akazunguka njia ya mbali kufikia nyumba yake mwenyewe. Prudence hakuhitaji kuelezwa. Mama mkwe na mkwe, bokilo na bokilo, katika familia ile hawakukutana uso kwa uso, hawakupeana mkono, wala hawakuambiana neno moja kwa moja. Waliheshimiana hivyo, na heshima ile ilikuwa kali kuliko sheria za Inspekta.

"Ni nani mwingine anafaidika Sindika ikikaa juu ya magogo?" aliuliza.

Philippe alitema jina kama mwiba wa samaki. "Eddy."

*

Eddy aliishi mtaa wa pili, kijana wa biashara mwenye miwani ya jua hata mvua inaponyesha. Gari lake, Mbango, yaani mbio, lilipakwa rangi nyekundu pande zote hadi taa.

"Sindika?" alicheka. "Mama, hata ukiipa pampu ya ndege, ile itasukumwa tu! Watu wamezoea, mikono inawawasha!"

"Fungua injini."

Alifungua huku akipiga mluzi. Prudence aliinama akanusa. Petroli. Aliziona plagi, akaona waya wa cheche. Injini ya petroli haina kazi na pampu ya mazutu, kama vile mbuzi asivyo na kazi na ndoano. Aliangalia chini ya kiti na nyuma ya mapipa, akafungua masanduku mawili kwa sababu kazi ni kazi. Hakuna kitu.

"Bon, sasa nikuambie, mama Inspekta." Eddy alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo na mwaminifu zaidi. "Mimi nataka Sindika ikuwe kwa mbio. Watu wamezika, wamelia, wanangoja Bonane wacheke kidogo. Nikikimbia peke yangu, nitamupita nani? Nyumba?"

"Nimekusikia."

"Na mumwachilie Juma. Muizi gani huyu anatembea kwa miguu?"

Prudence aliyekwisha kugeuka akasimama. "Namna gani kwa miguu?"

"Juma iko na toleka, ile ya kijani. Asubuhi anabeba watu, kuriani ya umeme ikija anachomelea. Basi mbele kidogo ya mambo haya nilimuona anatembea, jasho yote. Namuuliza, 'Yaya, kaka, toleka iko wapi?' Ananijibu, 'Imelala.' Toleka inalala?"

"Asante, Eddy."

"Karibu, mama. Na useme kwa Philippe nitamupita tu!"

*

Mvua ilimkuta Prudence mlangoni mwa Philippe. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya Kisangani, inayoteremka kama mtu amekata kamba. Aliingia atelie moja kwa moja na kwenda kwenye upinde wa mabomba juu ya kiti, ule wa kumlinda dereva gari likipinduka. Ulikuwa kazi mpya, umepakwa rangi nyeusi. Alitoa ufunguo mfukoni akakwaruza kidogo penye kiungo.

Chini ya nyeusi palikuwa kijani.

"Papa Philippe! Njoo hapa. Bomba hizi ulizitoa wapi?"

"Juma alileta. Alisema za kitanda ya chuma, iliyovunjika."

"Pitisha kidole hapa, upande wa chini. Unasikia nini?"

Mzee alipitisha kidole. Palikuwa na vishikio viwili vidogo, vilivyosagwa kwa tupa lakini havikwisha.

"Kitanda gani iko na kishikio cha pampu ya upepo?" Prudence aliuliza.

Kidole cha Philippe kilirudi pale pale, mara nyingine, na nyingine.

"Alikata toleka yake," Inspekta alisema. "Siku ile alibeba kwa gunia kilichobaki. Kiti, pedali, mnyororo. Alimficha Nyota asijue. Alikuficha na wewe, kwa sababu ungekataa."

"Ningekataa," Philippe alisema. "Mungu wangu, ningekataa. Na mimi nimemutupa kasho."

"Utalia baadaye. Gunia limejibu. Pampu bado."

Alisimama mlangoni, mvua ikimrukia viatu. Maji yalikuwa yakimiminika kutoka ukingo wa bati na kuchimba mfereji ukutani mwa atelie. Katika mfereji ule, ndani ya dimbwi hasa, vijiti vya mihogo vilikuwa vimesimama kwa mstari. Vilikuwa vimepandwa juzijuzi, udongo wake bado mlegevu.

Prudence alivitazama sana. Tangu mshahara wake ugeuke hadithi, alikuwa akilima nyuma ya nyumba yake kama kila mtu. Muhogo hautaki miguu yake ikae majini. Mtoto anajua. Na mtu wa Yanonge, aliyezaliwa shambani na kuzeekea shambani, hapandi muhogo ndani ya dimbwi. Akiupanda pale, basi hapandi muhogo.

Kitu kingine alikijua kama kila aliyepita vita ile mjini. Watu walizika sufuria, cherehani, redio, hata nguo za harusi. Lakini udongo uliochimbwa humsaliti mwenyewe, na askari walijifunza kuutafuta. Kwa hiyo ulizika, kisha ulipanda juu.

Alifungua mwavuli akavuka uwanja hadi jikoni. Njiani alimwonyesha Philippe kwa kidole asimame nyuma ya ukuta wa miti, upande wa pili, ambako angesikia bila kuonekana.

"Jambo, mama Félicité."

"Jambo, mwanangu. Karibu kwa moto, umelowa."

"Mihogo yako itaoza pale, mama."

Mchi ulisimama hewani. Kisha mama mzee akatabasamu taratibu, jino moja baada ya lingine.

"Ioze tu. Kazi yake si kukomaa." Akamkonyeza jicho. "Donc na wewe uko ndani? Nilijua. Nilisema, mama Inspekta ana macho, lazima walimwambia."

"Waliniambia nini?"

"Ile tiyatri yao, ule muchezo wao!" Alijipiga paja. "Nilikuwa sokoni, nikasikia askari wanakusanya pampu. Nilikimbia na miguu hii. Mkwe wangu haiko, Juma ametoka. Nilichukua ufunguo kwa musumari, nikafunga pampu ya marehemu kwa kitambaa chake, nikaitia ndani ya sufuria, nikamwaga mawese yangu yote juu isipate kutu. Nikazika, nikapanda. Ufunguo nikarudisha."

"Na Philippe? Ulimwambia?"

"Si nilimwambia!"

"Ulimwambia namna gani, mama? Nyinyi hamuongei."

"Nilisemea kuku." Alilisema kama mtu anayesema alitumia mlango. "Sophie haiko, basi nitapitia wapi? Alipofika, nilifukuza kuku, nikapaza sauti: 'Nyinyi kuku, yule atachimba mihogo yangu mipya chini ya bati, atachimba moyo wa mwenye nyumba!' Alipita pale, alisikia. Aliinamisha kichwa kwa heshima."

Nyuma ya ukuta kitu kizito kiliegemea miti.

"Halafu askari wakaja," mama aliendelea, uso uking'aa. "Na yeye anafungua, anapiga kelele, analia machozi ya kweli! Anakimbia kwa polisi kumushitaki rafiki yake! Na Juma anakubali kulala kasho, bila neno, ili wale waamini pampu imeenda. Nilipiga magoti hapa hapa. Nikasema, Mungu, asante kwa kunipa mkwe mwenye akili kama hii. Na huyu Juma ninamupikia, kwa sababu mutu anayeumia kwa ajili ya injini ya mume wangu, huyo ni mtoto wangu."

Prudence aliweka mkono juu ya mkono wake. Hakuzoea kufanya hivyo kazini.

"Mama. Alilia kweli. Hakujua kitu. Alidhani unafukuza kuku."

Mchi ulianguka. Mama Félicité alifunga mdomo kwa kitenge.

"Na Juma?" aliuliza.

"Jua likipinduka wanampeleka kambini."

"Mwambie mkwe wangu achimbe! Mwambie—"

"Amesikia, mama."

Tayari jembe lilikuwa likipiga udongo. Philippe alikuwa amepiga magoti ndani ya dimbwi, akitupa vijiti vya mihogo kulia na kushoto. Sufuria ilitoka imefunikwa kwa jani la ndizi na kifuniko chake. Ndani ya mawese mekundu, ndani ya kitambaa, pampu ilikuwa safi kuliko alivyoiacha.

Aliipakata. Halafu akamtazama Inspekta, na furaha ikamtoka usoni.

"Nikisema imepatikana, wataichukua."

"Ndiyo."

"Nisiposema, watamchukua Juma."

"Ndiyo."

Philippe hakufikiri hata kwa urefu wa pumzi. "Andika imepatikana. Waje waichukue. Sindika itasukumwa tena, watu wamezoea. Juma arudi."

Jikoni sauti ya mama mzee ilipaa, safari hii bila kuku. "Mwambie ni sawa! Marehemu angesema vile vile!"

"Ukweli nitauandika," Prudence alisema akifunga mwavuli wake. "Urefu wake nitauchagua mimi. Rudisha sufuria shimoni, ufuate nyuma."

*

Jeep ilikuwa imekwisha kufika. Juma alisimama uani mikono imefungwa kwa kamba, mvua ikimtiririka kidevuni, na sajini alikuwa akimsukuma kwa kitako cha bunduki. Juma hakuwa akibisha. Alikuwa akimwambia mlinzi wa zamu, taratibu, jinsi ya kumfikia Nyota.

"Umuache," Prudence alisema.

"Mama, tumemaliza maneno asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa na mushitaki. Sasa sina. Papa Philippe ameondoa malalamiko yake. Sema, papa."

"Nimeondoa," Philippe alisema akihema. "Juma hakuiba kitu. Mimi nilikosa."

Sajini aliwatazama mmoja mmoja. "Na pampu?"

"Mbele yangu hakuna mutu anayelalamika amekosa pampu."

"Mama, usinicheze. Iko wapi?"

"Shauri limekuwa la nyumbani. Ni kati ya huyu na mama mkwe wake."

"Namna gani, mama mkwe?"

"La bokilo."

Neno lile liliangukia uwanja, na sajini akarudi nyuma nusu hatua bila kujua.

"Bokilo?"

"Bokilo. Faili imefika hapo, na mimi sheria yangu haipiti pale. Lakini kama komanda anataka kuendelea, sawa. Nitamleta yule mama hapa. Utamsimamisha mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, utawaambia wasemeshane. Wewe utakaa katikati. Nimuite?"

Askari wawili ndani ya jeep walianza kukohoa ili wasicheke. Mmoja alisema kwa Lingala kwamba yeye anashuka, atatembea kwa miguu.

Sajini alijifuta uso. "Mimi iko na bokilo yangu kule Bafwasende," alisema kwa sauti ya chini. "Hata jina yake siitaji. Siku moja nilikutana naye kwa njia nyembamba, niliingia ndani ya maji na buti."

"Basi unajua."

"Mi najua." Aliitazama kamba, akamtazama Juma, akatazama mvua. "Nitamwambia komanda muizi haiko. Ni maneno ya bibi na watu wao. Lakini mama, mara ingine uulize mapema. Mambo kama haya mutu hapaswi kuyasikia kazini."

Jeep iligeuka, ikatia tope hadi madirishani, ikaenda.

Prudence alikata kamba kwa kisu chake mwenyewe. Juma alijisugua vifundo vya mikono. Philippe alisimama mbele yake, mtu mzima mwenye nywele nyeupe.

"Juma," alisema. "Zile bomba."

"Bomba gani?"

"Za kijani."

Juma alitazama chini. "Nyota amejua?"

"Bado."

"Asante Mungu. Mbele ya komanda ningesimama. Mbele ya Nyota, sijui."

"Juma, mimi nimekufanyia—"

"Pampu iko?"

"Iko. Mama mukubwa aliificha. Iko safi."

Juma alivuta pumzi ndefu, akageuza uso juu, akaacha mvua impige macho. "Al-hamdulillahi," alisema. Kisha akashtuka. "Papa Philippe. Mahali pampu ilitoka, kwenye injini. Ile tundu. Uliifunga?"

Philippe akageukia njia ya nyumbani.

"Bati inavuja pale pale juu yake! Mvua hii yote! Hukuweka hata kitambaa?"

"Nilikuwa na huzuni!"

"Huzuni! Umenitupa kasho, na injini ukaiacha mdomo wazi?"

"Juma, kaka yangu, nilikuwa nalia!"

"Ulilie ndani ya silinda basi!"

Walikuwa wamekwisha kuanza kukimbia, mzee mnene mbele na fundi mrefu nyuma, wakigombana kwa sauti hadi watu wakafungua madirisha. Juma alimfikia, akamshika mkono asiteleze, wakaendelea hivyo, wameshikana na kutukanana.

"Mama Inspekta!" Philippe alipiga kelele bila kugeuka. "Aksanti! Aksanti sana!"

Prudence Katungu alibaki mlangoni mwa ofisi yake. Katika vita ile alikuwa ameona watu wengi wakitoka uwanja ule wakikimbia. Hawa wawili walikuwa wa kwanza kukimbilia kazini. Alisema asante kwa sauti, kwa Mungu aliyestahili kuisikia, akaingia ndani kufunga faili.